Taa ya Mziwanda

"Umewazima watu wangu!"

"Watu gani, mzee wangu? Watu gani? Humo ndani unaishi peke yako kama msumari ukutani!"

"Nakwambia kulikuwa na watu!"

"Basi watoke tuwaone, tuwape pole!"

Jumamosi hiyo, kabla hata jua halijapanda vizuri, ghorofa nzima ya tatu ilishajua kwamba kumekucha. Mzee Waya alikuwa amesimama kwenye korido mbele ya sanduku la swichi za umeme, mguu mmoja una ndara, mwingine mtupu, kidole amemnyooshea jirani yake. Na jirani mwenyewe, Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na pini mbili amezibana kwenye pembe ya mdomo. Ungedhani pini zingemzuia kusema. Nani? Yule angebana pini ishirini na bado akakupa habari za mtaa mzima, na nyongeza juu.

Kisa chenyewe kilikuwa pasi. Pasi ya Pindo ikizidiwa hukata umeme wa kwake, na swichi za kwenye lile sanduku hazina majina, maana penseli ya mwenye nyumba ilishafutika zamani. Kwa hiyo Pindo alijitungia mtindo wake: anazizima zote, kisha anaziwasha moja moja mpaka asikie cherehani inaitikia. Majirani walishazoea. Ukiona giza la ghafla bafuni unajua Pindo ana nguo ya harusi ya kupiga pasi.

"Siku zote nazima, hujawahi kufungua mdomo," Pindo alisema. "Leo kuna nini?"

"Siku zote betri ya akiba inanishikilia. Leo betri imekufa."

"Basi kagombane na betri! Mimi nimekukosea nini?"

Mzee Waya aligeuka kutaka kurudi ndani. Hapo ndipo Pindo aliponusa. Mwanamke yule alikuwa na pua ya habari; ugomvi ukipoa tu, udadisi unapanda. Alizitoa zile pini, akazichomeka kwenye kola, akasogea karibu.

"Hebu, mzee," akasema kwa sauti ya chini, ile sauti anayoitumia akitaka kujua mume wa mtu yuko wapi. "Hao watu ni akina nani? Maana mimi asubuhi nikianza kushona nakusikia ukutani. 'Umeamkaje, mama.' Kila siku. Nikasema moyoni, haya, mzee naye kapata wake, Mungu mwema."

"Sina mtu."

"Sasa unamwamkia nani?"

Mzee Waya alishika kitasa cha mlango wake. Tangu mkewe afariki, hakuna jirani aliyekuwa amevuka kizingiti chake. Watu walimpitia mlangoni, wakamwuliza hali, akajibu salama, mlango ukarudi. Hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa tu ametoka kwenye desturi ya kuwa na watu, na desturi ya namna hiyo ikikutoka hujui pa kuianzia tena.

"Njoo uone ulichokifanya," akasema.

Pindo hakungoja aambiwe mara mbili.

Ndani kulikuwa safi kiasi cha kusikitisha. Viti viwili, kimoja kimekaliwa na nguo zilizokunjwa. Meza yenye kikombe kimoja. Jikoni, kwenye rafu ambayo zamani ilibeba sahani za wageni, kulikuwa na kompyuta ndogo isiyo na kioo, diski mbili na ruta, nyaya zimefungwa kwa uzi kila baada ya shubiri, zimenyooka kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Maisha yake yote ya kazi mzee alikuwa fundi wa simu za mezani kwenye mitambo ya serikali. Kustaafu alistaafu, lakini mikono haikupata habari.

Na sebuleni, pale ambapo kwa watu wengine huning'inia kalenda, alikuwa amebandika tableti kuukuu. Sasa hivi ilikuwa nyeusi.

"Hii ndiyo seva yangu," alisema, akiinama kuwasha mtambo. "Picha zetu zote zimo humu. Sauti ya marehemu imo humu, anaimba akiosha vyombo. Sikutaka kumpa mtu baki anitunzie. Na kuna njia, inaitwa VPN, wewe ichukulie kama handaki. Mwanangu akiwa huko ng'ambo anaingia upande ule, anatokea hapa jikoni. Akifungua redio ya nyumbani, redio inadhani yuko hapa, inamruhusu. Na mimi nikitaka nageuza, natokea kwake."

"Ukiwa umekaa hapa hapa?"

"Hapa hapa. Kila mtu ana ufunguo wake, umo ndani ya simu yake. Akiingia, taa yake inawaka pale."

Pindo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonyeshwa kitambaa ambacho bado hajaamua kama ni kizuri. Tableti ikapata uhai. Majina manne yakajitokeza, kila moja na kiduara cha kijivu pembeni: Kifungua, Wa Kati, Mziwanda, Mama Yao.

"Huyu wa mwisho..." Pindo alianza.

"Ufunguo wake sijauondoa tu."

Pindo akageuza uso, akajifanya anatazama nyaya.

Kiduara cha Kifungua kikageuka kijani. Baada ya kitambo kikawaka cha Wa Kati. Cha Mziwanda kikabaki kijivu, na Mzee Waya akawa amesimama mbele ya ukuta kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitalini.

Pindo hawezi ukimya. Ukimya kwake ni kama nguo inayobana. Akaanza kujisemea, ndivyo alivyo, akikosa la kusema anaisema serikali.

"Umesikia wamepandisha ushuru wa uzi? Uzi, mzee! Kesho watatoza sindano kwa tundu lake."

"Nchi inahitaji mapato."

"Inahitaji, ndiyo, lakini mbona inahitaji kwangu tu? Mimi hawa wote nawajua, wa chama hiki na wa kile. Wakiomba kura wanakula vumbi pamoja na sisi. Wakipata, wanapandisha vioo."

"Nchi haiendeshwi kwa midomo, mama."

"Inaendeshwa kwa nini, petroli? Nayo si imepanda!"

Mzee Waya alitaka kucheka, lakini macho yake hayakubanduka ukutani. "Na kipindi kile cha uchaguzi," Pindo aliendelea, "walivyofunga mitandao wiki zile zote, jengo zima likawa kama limekatwa ulimi. Mwishoni mwishoni ni mimi tu niliyekuwa napata mijadala yangu. Watu walikuja kwangu kusikiliza, chumba kikajaa mpaka mlangoni. Wakaniuliza, Pindo, una nini wewe? Nikawaambia nina nyota."

Kiduara cha Mziwanda kikawaka.

"Huyo," mzee alisema, na mabega yake yakashuka. "Huyo hapo. Amerudi." Halafu, kwa sauti ya chini, akiwa amesahau kwamba hayuko peke yake: "Umeamkaje, mama."

"Lo!" Pindo alishika kiuno. "Kumbe ndiye huyu! Na mimi nilishamkatia mchumba wako gauni kichwani. Yule binti yako wa mwisho, mpole mpole?"

"Mpole?" Mzee Waya aliguna.

Hapa ni lazima nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kwa nini mzee mzima alikaribia kumpiga jirani kwa sababu ya taa. Ndani ya seva ile mzee alikuwa ametengeneza pia mahali pa familia kuandikiana, pakaitwa Barazani. Mitandao ya nchi ilipofungwa, Barazani palibaki wazi, kwa sababu mzee aliigeuza njia ya nyumba yote ikatokea kwa Kifungua, ng'ambo. Humo humo ndimo alimoandika, kwa moyo mkunjufu kabisa, kwamba serikali ina sababu zake na kwamba moto ukiwaka watu hufunga milango. Mziwanda wakati huo alikuwa bado anaishi naye, yuko chumbani, ukuta mmoja tu kati yao. Akamjibu: "Baba, mbona mlango wako umeuacha wazi? Maneno hayo umeyapitisha kwa kaka."

Ndugu zake wakacheka hadharani. Na mzee, kwa sababu mtambo ni wake na ufunguo mkuu anao yeye, akaufuta ujumbe ule. Mziwanda akauliza nani kafuta. Mzee akamtoa Barazani kabisa, mpaka adabu imrudie.

Kesho yake alimfungulia. Mziwanda hakuingia. Alitoka chumbani akapika, akaosha vyombo, akasema tu, "Umefanya kama wao, baba." Wiki chache baadaye alipata kazi ya uuguzi nje, akaondoka. Alimuaga vizuri, ndilo lililouma, vizuri kama unavyomuaga mwenye nyumba ya kupanga. Mzee akamwambia aiweke VPN kwenye simu mpya akifika. Akasema sawa. Siku chache baadaye taa yake ikawaka ukutani, na tangu hapo haikukosa hata siku moja. Simu hakupiga. Ujumbe hakutuma. Habari zake mzee alizipata kwa kaka zake, robo robo. Lakini taa iliwaka.

"Kwa hiyo hamuongei," Pindo alisema baada ya kuyasikia haya, kwa ufupi zaidi na bila mzee kujitia hatiani sana.

"Ana hasira. Lakini anapita hapa kila siku. Mtu asiyekutaka hapiti kwako kila siku."

"Anawasha saa ngapi?"

"Asubuhi, kama wewe unavyoanza kushona. Jioni anazima."

"Lakini huko aliko si wanalala sisi tukiamka?"

"Anafanya zamu za usiku," mzee alijibu haraka mno. Alishaitengeneza sababu hiyo siku nyingi na kuipiga pasi mwenyewe.

"Na humu ndani anafanya nini kutwa nzima?"

"Sichunguzi."

"Hata kidogo?"

"Nikianza kuchunguza watoto wangu wanachosoma nitakuwa nani? Serikali?"

Wakacheka wote wawili, wakashangaa kujisikia wakicheka. Lakini Pindo akishika uzi hauachi mpaka aone mwisho wake. "Usiangalie anachofanya," akasema. "Angalia alipo tu. Mzazi kujua mwanawe yuko mji gani, hilo nalo ni uchunguzi? Huenda amehama. Huenda anaumwa. Wewe umekaa unatazama kitaa."

Pengine asingekubali kama asingekuwa na hamu hiyo mwenyewe. Alivuta kiti, akaondoa nguo zilizokunjwa, akamkaribisha Pindo, kisha akachukua kompyuta ya mapajani na kufungua ukurasa ambao alijikataza kuufungua. Mistari ya namba ikashuka. Kila simu inapoingia huacha namba ya mahali inapotokea.

"Hii ya Kifungua, ona, ya kule kwake. Hii ya Wa Kati. Na hii..."

Akaivaa miwani vizuri. Namba ya Mziwanda haikuwa ya ng'ambo. Haikuwa hata ya mtaa mwingine. Ilikuwa ni namba ambayo ruta yake mwenyewe, ile iliyo pale kwenye rafu ya sahani, huwapa watu waliomo ndani ya waifai ya nyumba. Namba iliyofuata ilikuwa ya simu iliyokuwa mfukoni mwake.

"Yuko hapa," alisema.

"Nani?"

"Mwanangu. Yuko humu jengoni. Waifai haifiki hata barabarani, mama. Yuko hapa!"

Alinyanyuka hivi kiti kikaanguka. Pindo anasema, na hili hatii chumvi, kwamba hajawahi kuona uso wa mtu ukipungua miaka namna ile. Mzee alitoka koridoni na ndara yake moja, akainama juu ya ngazi, akaita jina la mwanawe, lile la utotoni ambalo hakuna jirani aliyelijua. Akashuka mpaka kwenye kona, akapanda. Akatazama nyuma ya mlango wa paa, kama vile msichana mzima mwenye kazi yake angekuwa amejificha anacheza. Alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo Pindo hawezi kulisahau, kwamba alikuwa anatabasamu.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mlango wa Pindo tu, wazi kama kawaida, na sauti ya mwanamume akifoka kuhusu ushuru ikitokea mezani, kando ya cherehani.

Pindo alisimama katikati ya korido. Aliusikia mjadala wake ukiendelea, akaikumbuka simu iliyokuwa inauleta.

"Mzee," akasema. "Mzee wangu, njoo kidogo."

"Umemwona?"

"Simu yangu."

"Simu gani?"

Aliingia akaitoa, kioo kimepasuka kwenye kona, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Aliniletea mwanao siku anaondoka. Akasema, shangazi, mimi napewa mpya, hii itakusaidia kusikilizia mijadala yako. Mimi naiwasha nikianza kazi, naizima nikimaliza, betri ipumzike. Sikujua kama kuna kitu ndani. Haki ya Mungu sikujua. Nilishangaa tu bando haliishi. Nilidhani kampuni imenisahau, nikanyamaza."

Mzee Waya hakuwa na haja ya kuulizia zaidi. Aliijua ile simu. Ufunguo wa Mziwanda aliutia yeye mwenyewe kwa mkono, akauweka ujiwashe wenyewe, akasema usiutoe kamwe. Waifai ya nyumba ilikuwa bado imo. Ukuta mmoja tu. Alizima waifai kwa kidole gumba, yule mwanamume wa ushuru akakatika katikati ya neno, na kupitia mlango wake uliobaki wazi aliona kiduara ukutani kikifikiri kidogo, halafu kikawa kijivu.

"Kwa hiyo asubuhi," Pindo alisema taratibu, "ulikuwa unaniamkia mimi."

Mzee hakucheka. Hata Pindo mwenyewe hakucheka, na utani huo ungemfaa mwaka mzima.

Mzee alirudi ndani akakaa. Hakukasirika tena. Alikuwa anajumlisha: salamu zote zile, zile jioni alizozima redio kwa sababu taa ilizimika naye akasema basi, mtoto amelala. Siku ya kwanza taa ilipowaka alisimama pale akasema, "Umefika, mama?" na machozi yakamtoka. Kumbe taa ile haikuwa imetoka hata nje ya jengo. Nyumba ilikuwa tupu tangu siku ile binti alipoaga mlangoni na begi lake, na yeye ndiye pekee ambaye hakuambiwa.

"Mpigie," Pindo alisema kutoka mlangoni.

"Nimwambie nini?"

"Mimi ningejua la kumwambia mtu aliyenuna, nisingenuniana na nusu ya jengo hili. Mpigie tu."

"Huko ni usiku."

"Si ulisema anafanya zamu za usiku?"

Alipiga. Siyo kwa handaki, siyo Barazani. Alipiga simu ya kawaida, ile inayoita kule nawe huku ukausikia mlio wake. Iliita mpaka akataka kukata.

"Baba?" Sauti ilikuwa nzito ya usingizi, kisha ghafla haikuwa na usingizi. "Baba, kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Kaka yuko salama?"

"Wote salama."

Mzee alisikia shuka, kisha swichi ya taa ya kweli.

"Nilikuwa naona taa yako," akasema. "Pale ukutani. Kila siku. Nikadhani unapita."

"Taa gani?... Aa. Baba, ile VPN sikuiweka. Nilitaka kuiweka, halafu..."

"Najua. Nimejua leo."

Alinyanyuka, akasogea mpaka mlango wa jikoni.

"Ule ujumbe wako," mzee alisema, akitazama rafu ya sahani. "Haukuwa wa kufutwa. Ulisema kweli. Niliona aibu mbele ya kaka zako, nikatumia ufunguo."

Upande wa pili mtu alivuta pumzi. Mzee alingoja. Pengine alitaka kilio, pengine alitaka kicheko, mzee hakujua mwenyewe. Alipata sauti ya muuguzi aliyechoka.

"Sawa, baba. Nimekusikia. Nina zamu alfajiri, lazima nilale." Kisha, akiwa karibu kukata, kana kwamba neno lilimponyoka: "Umekula?"

"Nimekula."

"Haya. Tutaongea."

Hakusema lini. Simu ikanyamaza mkononi mwake, nyepesi kama ganda. Ukutani viduara viwili vya kijani, viwili vya kijivu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa mtu.

Aligeuka kutaka kufunga mlango. Pindo alikuwa bado yupo pale, ameegemea fremu, amesikiliza neno kwa neno bila hata chembe ya haya, macho mekundu, utepe wa kupimia ameuzungusha kiganjani mpaka umekaza. Nyuma yake, kwake, wajukuu zake walishaamka, mkubwa anakaanga, wadogo wanagombania kijiko, na harufu ya vitunguu ilikuwa imeshafika koridoni.

"Umekula, eti," akasema. "Umekula nini wewe? Ukuta ule mimi nasikia hata sufuria ikifunikwa, na kwako tangu jana hakujalia kitu. Mwongo mkubwa. Funga mlango wako, njoo. Ingia ndani ule."